Kilo 25, maili 8, saa 2: shajara ya mradi wa shanta

Jumapili 2 Machi 2025. Kilo 10, kilomita 5, dakika 52

Haya, leo nimeanza rasmi, wacha niandike haraka manake usiku naingia zamu.

Mradi wenyewe ni huu: kilo 25 mgongoni, maili 8, ndani ya saa 2. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa mtihani wa kila mwaka wa askari wa miguu wa jeshi la Uingereza. Maili 8 ni karibu kilomita 13, ukipiga hesabu kila kilomita uimalize kwa dakika 9 na sekunde kama 20, sio kukimbia lakini pia sio kutembea kwa kawaida, ni ule mwendo wa mtu aliyesikia matatu ya mwisho inataka kuondoka. Siku hizi mtihani wameubadilisha, kwa hao askari wa miguu ni kilomita 4 na kilo 40, halafu unapunguza mzigo unaenda kilomita 2 na kilo 25 chini ya dakika 15. Ila kila mzee wa jeshi ninayekutana naye hapa Merthyr Tydfil, Wales, anapima watu kwa ule wa zamani, na mimi nimeuchagua kwa sababu naweza kujipima peke yangu. Nimeomba kuingia jeshi la akiba, pasi ya huku nilishapata, makaratasi yanatembea pole pole, na sitaki kufika huko nikawa yule jamaa anayebebewa begi na wenzake.

Kuhusu jina: wenyewe begi wanaliita Bergen, na kutembea nalo haraka wanaita tab. Mimi nitasema shanta, manake babu yangu ndivyo alivyosema. Babu alikuwa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni, akapelekwa Burma na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, 1944 wakashuka bonde la Kabaw katikati ya mvua mpaka Kalewa, na tulipokuwa watoto kule Wundanyi, Taita, hadithi zake hazikuwa za bunduki kabisa, zilikuwa za matope na shanta iliyolowa. Alikuwa anasema shanta ikilowa inazaa, asubuhi unaikuta na mtoto ndani.

Shanta nimeinunua mitumba, pauni 40, ya jeshi kweli, lita 100 na vile vifuko viwili vya pembeni vya lita 10 kila kimoja. Muuzaji aliniapia iko sawa kwa mtu yeyote. Ndani nimetia mfuko wa mchele kilo 10 nikauzungushia tepu. Kupima natumia ile mizani ya kuninginiza sanduku la safari, kila Mkenya wa huku anayo, kwa hiyo kilo 23 naijua mkononi hata nikifumba macho.

Kanuni ni mbili tu. Shanta moja kwa wiki, Jumapili, siku nyingine mazoezi ya miguu ya kawaida. Na uzito unapimwa mwisho wa safari, sio mwanzo, ili nisijidanganye.

Leo nimepita njia ya Taff Trail hadi daraja la zamani la reli pale Cefn Coed na kuzunguka. Rahisi. Nimerudi nikimwambia mke wangu hii kitu nitaimaliza Aprili.

Jumapili 16 Machi. Kilo 15, kilomita 8, saa 1 dakika 22

Wiki iliyopita nilienda kilo 12, hakuna la kusimulia.

Leo malengelenge, visigino vyote viwili, moja kubwa kama sarafu ya shilingi 20. Kosa langu, nilivaa buti mpya na soksi za pamba. Pamba ikinyonya jasho inakaa nalo, ngozi inalainika, halafu buti inasugua. Nimeambiwa nivae soksi mbili, nyembamba ndani na ya sufu juu, ili zisuguane zenyewe badala ya kusugua ngozi, na ile tepu nyeupe ya zinki ibandikwe kabla ya kutoka, sio baada ya kuumia.

Na buti yenyewe nimenunua nzito ati kwa sababu inaonekana ya kijeshi. Nimekuja kusoma kwamba kilo moja ikiwa mguuni inakuchosha kama kilo 4 hadi 6 mgongoni, manake unainua na kuirusha mbele kila hatua. Pauni 70 hizo.

Mama amepiga video call akaona visigino. "Wewe si ulienda huko kutunza wazee? Sasa unabeba mchele na kuurudisha nyumbani bila kuupika?" Sikuwa na jibu.

Jumapili 30 Machi. Kilo 20, kilomita 10, saa 1 dakika 49

Leo niandike ukweli manake hii ndio kazi ya shajara.

Nilikuwa niende kilo 16, kilomita 8. Usiku kabla ya kulala nikaangalia video za vijana wa Marekani wamebeba mashanta wanapiga kelele msituni, asubuhi nikatia kilo 20 na nikaongeza kilomita juu yake. Yaani niliongeza vyote viwili kwa siku moja na kuna sehemu za mteremko nikakimbia kabisa, na kila mtu anayeijua hii kazi anasema ukiongeza uzito usiongeze umbali, na usikimbie na mzigo, manake magoti na miundi ndio wanalipa.

Kilomita ya saba mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikadhani ni baridi. Nikautikisa, nikafungua ngumi, wapi. Nilipofika nyumbani nilishindwa kuinua kikombe cha chai vizuri kwa kama nusu saa. Nimesoma na kumbe ni jambo linalojulikana kabisa, mikanda ya begani inabana mishipa ya fahamu inayopita chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, kwenda mkononi, kuna askari wamekaa miezi mkono haufanyi kazi sawasawa. Kinachosaidia ni kuhamisha uzito utoke begani uende kiunoni. Lakini mkanda wa kiuno wa shanta yangu haufiki kiunoni! Unanikalia chini ya makalio, kila hatua fremu inanigonga huko nyuma kama punda anayeharakishwa. Nimeukaza, nimeulegeza, nimetia hadi sponji, bado.

Jumapili 6 Aprili. Hakuna

Mkono umerudi. Sasa ni mguu. Juu ya unyayo wa kulia, nyuma ya kidole cha pili, pana sehemu moja ukibonyeza unaona nyota. Nikitembea inauma, nikikaa inaacha.

Hii inaitwa ufa wa gwaride, au niseme ufa wa safari, sijui Kiswahili chake kizuri. Daktari mmoja wa jeshi la Prussia anaitwa Breithaupt aliiandika 1855, aliona askari wanavimba miguu baada ya matembezi marefu na hajui kwa nini, picha za eksirei zilikuwa hazijagunduliwa bado. Mfupa mwembamba wa unyayo unapigwa mara elfu na elfu, unapasuka ufa mdogo kabla haujapata muda wa kujijenga. Misuli na pumzi vinazoea mzigo haraka, wiki chache tu unajiona simba, mfupa unachukua miezi. Ndio maana wanaovunjika sio wale wavivu, ni wale wenye haraka.

Nimeenda kuonwa. Picha safi, lakini nimeambiwa ufa mpya mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, kwa hiyo nichukulie kama upo, nisibebe kitu na nisikimbie wiki tatu nne. Aprili ndio imeenda hivyo. Mke wangu hajasema neno, ananiangalia tu.

Jumapili 27 Aprili. Shanta tupu, matembezi tu

Mguu hauumi tena. Nilipanda basi la T4 hadi Storey Arms, nikasema nitembee tu taratibu chini ya mlima wa Pen y Fan, shanta nimebeba na koti na chapati tu ndani.

Hapo kituoni alikuwepo mzee mmoja Mnepali, mfupi kuliko mimi, Gurkha mstaafu, yaani wale askari wa Nepal wa jeshi la Uingereza. Hao wako wengi upande wa Brecon. Akaniangalia nilivyovaa, akazunguka nyuma yangu, akacheka mpaka akashika goti. Akaniuliza, hii umepewa na nani? Nikamwambia nimenunua. Akasema umenunua ya mtu mrefu.

Kumbe! Hizi shanta zinatengenezwa mgongo wa aina mbili, mrefu na mfupi, na imeandikwa ndani kwenye kitambulisho cha kitambaa ambacho mimi sikuwahi kukisoma. Yangu ni mgongo mrefu. Mimi nina futi 5 na inchi 5. Na ile fupi ina sababu nyingine pia, askari anakuwa amevaa mkanda wenye vifuko vya risasi na maji na chakula kiunoni kuzunguka, sasa shanta fupi chini yake inakaa juu ya vile vifuko, inapumzika hapo, kama mama alivyomuegemeza mtoto kwenye nyonga. Ndefu ukiivaa na mkanda inavisukuma, ukiivaa mtu mfupi inakugonga makalio. Miezi miwili nimepigana na fremu ya mtu wa futi sita.

Tulitembea pamoja kama saa moja. Akanieleza vile vijana wa Nepal wanavyochujwa, wanabeba kikapu kinaitwa doko kimejaa mchanga, kamba inapita kwenye paji la uso, wanakimbia kupanda mlima. Nikamwambia kwetu kina mama wa Kikuyu wanabeba kuni hivyo hivyo, mkanda kichwani, akashangaa sana, akataka nimuonyeshe kwa mkono unapita wapi. Nikamuonyesha. Akasema ndio, hapo hapo.

Jumapili 4 Mei. Hakuna mzigo, nimesoma tu

Ile stori ya wiki iliyopita haikunitoka. Nikakumbuka kuna utafiti, ulitoka 1986 kwenye jarida la Nature, watu wa Nairobi na wenzao waliwapima pumzi kina mama wa Kijaluo wanaojitwika kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa paji, wakakuta mzigo mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei kazi yoyote, wanatumia nguvu sawa na wakitembea mikono mitupu. Kwa askari na shanta sio hivyo, kilo inayoongezeka unailipia.

Mimi nina kilo 68. Asilimia 20 ni kilo 13 na kitu. Kilo 25 ni asilimia 37. Kwa hiyo hata ningekuwa nimefunzwa na bibi tangu utotoni bado ingekuwa inaniumiza, lakini nimekaa nikamkumbuka bibi akishuka na kuni kule Wundanyi. Hakuwa anadunda. Hatua fupi, kichwa hakiendi juu na chini, kama kimebebwa na maji. Mimi kwenye video aliyonichukua mke wangu nadunda kama mpira, hatua ndefu, nimeinama mbele kama natafuta sarafu iliyoanguka.

Na kupanga mzigo pia. Bibi kuni nzito aliziweka juu, karibu na mgongo. Mimi mchele niliuweka chini kabisa, na soksi juu, kwa hiyo shanta ilikuwa inanivuta nyuma halafu mimi nainama kufidia.

Jumapili 11 Mei. Kilo 10, kilomita 6, dakika 58

Nimebadilisha shanta, nimepata mgongo mfupi, mitumba tena, na mkanda wa vifuko. Muuzaji wa ile ya kwanza hakutaka kunirudishia hela, ile ndefu nimeiuza kwa kijana mmoja mrefu kazini kwa pauni 25. Alifurahi.

Ni kitu kingine kabisa. Sijui nieleze vipi. Kilo zile zile lakini mabega yanapumua.

Jumapili 18 Mei. Kilo 12, kilomita 8, saa 1 dakika 17

Naandika siku chache baadaye. Mvua njia nzima. Mchele ulilowa, mimi nikaiacha shanta pembeni ya mlango nikaenda zamu tatu mfululizo. Siku ya nne nyumba nzima inanuka uji uliochacha. Nimefungua, mchele umevimba umepasua tepu. Babu alisema inazaa.

Kuanzia leo ni mchanga, kwenye chupa za lita mbili, nimezifunga na tepu na kuzizungushia blanketi kuukuu zikae juu karibu na mgongo.

Jumapili 1 Juni. Kilo 18, kilomita 10, saa 1 dakika 34

Mei yote nimepanda kidogo kidogo. Inachosha kuandika na ndio maana sijaandika kila wiki.

Kazini mzee mmoja ninayemhudumia aliniona nachechemea akauliza, nikamwambia. Akaanza kunieleza 1982, vita vya Falklands, vile visiwa Uingereza ilivyopigania na Argentina. Yeye hakuwepo, ndugu yake alikuwepo. Jeshi lilikuwa limepanga kubebwa na helikopta kuvuka kisiwa, halafu tarehe 25 Mei meli ya Atlantic Conveyor ikapigwa na makombora, helikopta kubwa za Chinook karibu zote zikaungua nayo ikabaki moja. Basi ikabidi miguu. Wanamaji wa 45 Commando walitembea maili 56 kwa siku tatu, kila mtu na mzigo wa kama kilo 36, ardhi ni matope na mawe. Mzee akasema watu wanadhani mazoezi ya shanta ni kuwatesa vijana, lakini siku gari lisipokuja, unafanyaje? Halafu akaomba chai.

Mimi nilifikiria Kariakoo. Wale wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps, ambao Dar na Nairobi wameachiwa jina tu la soko na mtaa, Kariakoo na Kariokor. Hao gari halikuwepo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewauliza mgongo mrefu au mfupi.

Jumapili 15 Juni. Kilo 20, Pen y Fan kutoka Storey Arms

Nilitaka mlima mara moja. Pen y Fan ni mita 886, kwa mtu wa Taita hicho ni kilima, Vuria ni zaidi ya mara mbili yake. Lakini ngazi za mawe na upepo ule, na kilo 20, heshima yake nimempa. Ndipo wanapofanyia ule mchujo wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, kuupanda na kuushuka na kurudi tena, kilomita kama 24.

Ujanja wa leo: kilo 6 za mzigo zilikuwa maji. Kupanda unabeba, ukifika juu unamwaga, unashuka na kilo 14. Mapafu yanafanya kazi kupanda, magoti hayaumii kushuka. Kanuni yangu ya kupima mwisho leo haihusiki, ni mazoezi sio mtihani.

Watalii wawili waliniuliza kwa nini namwaga maji kileleni. Nikawaambia ni tambiko.

Jumapili 29 Juni. Kilo 22, maili 8, saa 2 dakika 6

Mara ya kwanza umbali wote. Kwenda mpaka Pontsticill kunapanda kidogo, kurudi kunashuka. Dakika sita. Kilomita nne za mwisho nilianza kuimba zile za gwaride la shuleni ili hatua zisilegee. Mkono haukufa ganzi hata kidogo. Mguu niliubonyeza usiku, hauumi.

Jumapili 6 Julai. Kilo 25, kilomita 8, saa 1 dakika 13

Ikiwa naweza kushika mwendo huu maili 8 zote, nimemaliza. Mabega yana michubuko ya rangi ya zambarau, lakini ni ngozi tu.

Jumapili 13 Julai. Hakuna

Leo ndio ilikuwa siku ya mtihani. Sikwenda.

Joto. Tangu Ijumaa Wales inachemka, na Mwafrika huwa anacheka Waingereza wakilalamika joto, mimi mwenyewe nimewacheka kazini. Lakini leo ni tarehe 13 Julai na nilikuwa nimesoma habari za tarehe kama hii 2013, askari wa akiba watatu walikufa baada ya kuzidiwa na joto kwenye mchujo wa SAS milima hii hii ninayoiona dirishani, maili 16, mzigo wa kama kilo 22. Wawili siku hiyo hiyo, mmoja hospitali baadaye. Uchunguzi wa ofisa wa kuchunguza vifo (coroner) 2015 ulisema uzembe ulichangia. Watu wenye mazoezi kuliko mimi mara kumi. Ukiwa na shanta mgongo wote umefunikwa, jasho halikauki, misuli inatengeneza moto na moto hauna pa kutokea, na mtu mwenyewe akili inachanganyikiwa kabla hajajua anaumwa, kwa hiyo kumwambia "simama ukijisikia vibaya" haisaidii sana.

Wa kunisimamisha mimi hayupo, natembea peke yangu. Nimekaa nyumbani, miguu kwenye beseni.

Jumapili 20 Julai. Kilo 25, maili 8, saa 1 dakika 57 sekunde 40

Nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu, baridi nzuri. Tepu visigino, soksi mbili, mchanga juu, mkanda umekaa. Maili ya sita mpaka ya saba ilikuwa mbaya, nyonga ya kulia ikakaza, nikafupisha hatua kama bibi, nikaacha kuangalia saa. Nilipogusa ukuta wa nyumba nikabonyeza saa, 1:57:40. Nikakaa kwenye ngazi na shanta bado mgongoni. Mke wangu akatoka na simu anarekodi, anapiga vigelegele, jirani akafungua dirisha.

Halafu nikaining'iniza kwenye mizani.

23.4.

Nikaipima tena. 23.4. Nikakaa nikawaza, ndipo nikakumbuka zile chupa za maji ya kunywa, lita mbili, nilizihesabu ndani ya kilo 25 asubuhi nikapima nikafurahi, halafu njiani nimezinywa karibu zote. Nimetembea maili za mwisho na uzito wa sanduku la ndege.

Mke wangu anasema imehesabika, nani atajua. Mama kwa simu pia anasema imehesabika, na sasa nipike huo mchele. Nimemwambia mchele uliisha Mei.

Nimeandika 1:57:40 kwenye karatasi ya friji, nikaichora mstari katikati. Jumapili ijayo maji ya kunywa yanakaa nje ya hesabu.